Kabla Hujanunua Vidonge vya Akkermansia

Kabla hujatoa hela yako kununua kopo la vidonge vya Akkermansia, soma kwanza. Matangazo yake yameshafika kwenye simu zetu: eti ni bakteria wa kuondoa kitambi, wa kushusha sukari, wa kukata hamu ya kula. Bakteria mwenyewe yupo, na utafiti juu yake upo, mwingine mzuri sana. Kinachopotoshwa ni mpangilio. Kidonge kinatangulizwa na sahani inasahaulika, ilhali tabia ya kiumbe huyu, njema au mbaya, inategemea kwa sehemu kubwa kile unachokishusha tumboni kila siku.

Jina lake kamili ni Akkermansia muciniphila. Alitangazwa mwaka 2004 na Muriel Derrien, Willem de Vos na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wakampa jina la Antoon Akkermans, mtaalamu wa vijiumbe wa nchi hiyo. Walikuwa wanamtafuta bakteria anayeweza kuishi kwa kula ute wa utumbo bila chakula kingine, wakampata huyu. Hapendi oksijeni, hana mkia wa kuogelea, na kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 4 ya bakteria wote wanaopatikana kwenye choo. Kwa idadi ya wakazi wa utumbo, hiyo ni sehemu kubwa kwa aina moja.

Ili uelewe ana faida gani, uelewe ute kwanza. Ukuta wa utumbo mpana umepakwa ute wa tabaka mbili. La ndani ni zito, limeshikana na ukuta, na kwa kawaida bakteria hawalipenyi. La nje limelegea, na ndipo wengine wanapojenga makazi. Ni kama nyumba ya Kiswahili ya pwani: mgeni hupokewa barazani, akanywa kahawa na kuzungumza mpaka usiku, lakini ndani haingii. Akkermansia ni wa barazani. Anakula ute wa nje, mwili unachochewa kutengeneza mwingine, na katika kula kwake anatoa asetati na propionati, asidi nyepesi ambazo bakteria wenzake na seli za mwili wako huzitumia.

Ute ukiwa mwembamba, mambo hubadilika. Vipande vya maganda ya bakteria fulani hupenya ukuta na kuingia kwenye damu, na kinga ya mwili inakaa macho muda wote. Hupati homa wala huumwi mahali. Lakini uvimbe huo mdogo usioisha unafanya ini, misuli na mafuta ya tumboni yasiitikie insulini ipasavyo. Kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, na mtu anaweza kukaa hivyo miaka kabla sukari haijapanda kwenye kipimo. Sisemi kwamba kisukari chote cha aina ya pili kinaanzia utumboni. Nasema hii ni njia mojawapo, na ndiyo inayomhusu bakteria wetu.

Mwaka 2013 timu ya Patrice Cani wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, ikishirikiana na de Vos, iliwapa bakteria hawa panya waliokuwa wamenenepeshwa kwa chakula cha mafuta mengi. Ute wao ulirudia unene, mafuta ya mwili yakapungua, na insulini ikaanza kuitikiwa vizuri zaidi. Bakteria waliouawa kwa joto kali sana hawakufanya lolote. Kisha mwaka 2017 watafiti hao wakakuta jambo ambalo hawakulitegemea: bakteria waliopashwa moto wa nyuzi 70 kwa nusu saa, yaani wamekufa lakini hawakuchomwa, walifanya kazi vizuri kuliko walio hai. Sababu mojawapo ni protini iliyo kwenye ganda lao la nje, Amuc_1100, ambayo inavumilia joto hilo na kuzungumza moja kwa moja na seli za kinga.

Panya ni panya. Jaribio la kwanza la maana kwa binadamu lilitoka mwaka 2019, na hapa ndipo msomaji anapaswa kukaza macho, kwa sababu ndilo linalonukuliwa na kila muuzaji. Waliojitolea walikuwa watu wazima wenye uzito uliozidi na insulini isiyoitikiwa vizuri. Waliomaliza miezi mitatu walikuwa 32. Waligawanywa makundi matatu: bakteria hai, bakteria waliopashwa moto, na dawa bandia. Waliopata bakteria waliopashwa moto, bilioni 10 kwa siku, waliitikia insulini vizuri zaidi kuliko wa dawa bandia kwa karibu asilimia 29, na kolesteroli yao ikawa chini kwa karibu asilimia 9. Uzito ulikuwa chini kwa kama kilo mbili na ushee, lakini tofauti hiyo ilikuwa ndogo kiasi kwamba watafiti wenyewe hawakuweza kusema si bahati tu. Basi anayekuuzia vidonge vya kuondoa kitambi kwa kutaja utafiti huo anakuuzia kile ambacho utafiti haukukithibitisha.

Sasa upande wa pili, ambao hauandikwi kwenye makopo. Mwaka 2016 watafiti waliwafuga panya wenye bakteria wa utumbo wa binadamu, wakawanyima nyuzinyuzi kwenye chakula. Walaji wa nyuzinyuzi walipungua kwa njaa, walaji wa ute, Akkermansia akiwemo, wakaongezeka, na wakautafuna ute mpaka ukawa mwembamba. Panya hao walipoambukizwa kijidudu cha kuharisha, waliugua vibaya. Bakteria yuleyule tunayemsifu alikuwa mmoja wa walioharibu. Haikuhitajika abadilike, kilichobadilika kilikuwa chakula.

Na kuna Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Watafiti wa vyuo mbalimbali wamechunguza choo chao kwa miaka kadhaa, wakakuta utajiri wa aina za bakteria ambao Ulaya na Marekani umeshapotea, na unaobadilika kwa majira, kiangazi na masika. Wahadzabe wanaoendelea kuishi kwa mizizi, ubuyu, matunda pori, asali na nyama hula nyuzinyuzi nyingi kupita karibu watu wote waliowahi kupimwa, na unene na kisukari kwao ni nadra. Unadhani wamejaa Akkermansia? Hapana. Kwao ni adimu, na kwa Wamarekani ni wa kawaida. Huyu mla ute anaonekana kuwa wa kawaida zaidi kwa watu ambao chakula chao kimepungukiwa nyuzinyuzi. Kwa hiyo usiifanye idadi yake kuwa lengo lako. Lengo ni utumbo ulioshiba nyuzinyuzi, ambamo yeye, akiwepo, anakula sehemu yake bila kukudhuru.

Tuje jikoni, maana huko ndiko kazi iliko. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa zaidi ya nusu ya hizo. Ndiyo maana ningeanza na jamii ya kunde kabla ya kitu kingine chochote: maharage, kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe, dengu. Si lazima ziwe mboga ya siku ya mwisho wa mwezi, pale hela ya nyama inapokuwa imekwisha. Zile kila siku, hata kama ni upawa mmoja kando ya samaki.

Kama maharage yanakujaza gesi, tatizo mara nyingi ni kasi. Bakteria waliozoea mkate mweupe na chipsi hawawezi kupokea bakuli zima la mbaazi kwa siku moja bila kelele. Anza na nusu upawa, kaa hapo wiki moja au mbili, kisha ongeza. Loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha mpaka zilainike kabisa, na unywe maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi bila maji zinafunga choo badala ya kukifungua.

Ugali ndio badiliko rahisi kuliko yote. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, yaani pumba na kiini vimekwenda kulishwa kuku. Dona inabaki na vyote. Ukishindwa ladha yake, changanya nusu kwa nusu, au tia unga wa mtama au ulezi. Sharti moja tu: mahindi ya dona yawe yamekauka vizuri na safi, yasiwe na ukungu, maana sumukuvu hukaa zaidi kwenye sehemu za nje za punje na kiini, na mahindi mabovu yakisagwa bila kukobolewa unaila yote.

Ndizi za kupika nazo zina wanga usiosagwa wote kwenye utumbo mwembamba, hivyo sehemu hufika chini na kuwa chakula cha bakteria. Kuzipika kunaupunguza wanga huo. Zikipoa, kiasi fulani kinarudi. Ndivyo ilivyo pia kwa viazi, wali na ugali. Kiporo basi si umaskini, na kupasha moto hakuondoi faida yote. Lakini kiporo cha wali kilicholala mezani usiku mzima ni hatari: kuna bakteria anayezaliana humo na kuacha sumu isiyokufa kwa kupashwa moto. Weka kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kipikwe. Kama huna friji, pika cha kutosha kwa mlo mmoja na usahau habari ya kiporo.

Vitunguu maji na vitunguu saumu vina nyuzinyuzi za jamii ya ile iliyotumiwa na timu ya Cani kuongeza Akkermansia kwa panya, na habari njema ni kwamba hakuna mchuzi wetu usio na kitunguu. Ongeza wingi, basi. Kisamvu, matembele, mlenda, bamia, majani ya maboga: vyote ni vizuri, na sina la zaidi la kusema juu yake ila usiviue kwa magadi na mafuta mengi.

Nimekuwa nikisubiri kukutajia utafiti wa Kilimanjaro, uliotoka mwaka 2025, kwa sababu ni wetu. Watafiti wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini, waliozoea ndizi, kunde, mboga za majani na nafaka nzima, walihamishiwa kwenye mlo wa kizungu wa vyakula vya viwandani kwa wiki mbili. Wa mjini walirudishwa kwenye mlo wa kijijini. Kundi jingine lilikunywa mbege kwa wiki moja. Wiki mbili tu zilitosha: walioanza mlo wa kizungu damu yao ilionyesha uvimbe zaidi na kinga iliyodhoofika, na waliorudi kwenye chakula cha nyumbani pamoja na wanywaji wa mbege uvimbe ulipungua. Wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Waliopimwa walikuwa wanaume peke yao, na utafiti ulihusu kinga na kemia ya mwili kwa jumla, lakini ni ushahidi wa karibu na meza yetu kuliko panya yeyote wa Ubelgiji. Mbege ina kilevi, kwa hiyo sikutumi kilabuni. Togwa ya ulezi iliyochachuka kidogo inakupa nafaka na uchachu bila pombe. Iache tu ile sukari unayoirundika juu yake.

Kuhusu kufunga. Akkermansia ana chakula hata wewe usipokula, kwa kuwa ute unaendelea kutengenezwa. Utafiti mdogo wa Uturuki uliochapishwa 2019 ulipima watu tisa waliofunga Ramadhani na kukuta ameongezeka kwao. Watu tisa ni wachache mno kujengea sheria, ila matokeo yanaingia akilini. Kinachoharibu ni futari ya magharibi: kaimati zilizolowa shira, sambusa, juisi ya sukari, tambi za nazi, yote ndani ya nusu saa. Fungua kwa tende moja au mbili na maji, kisha uji, kunde au mbaazi za nazi na matunda, na vya kukaanga viwe vionjo. Kama unatumia dawa ya kisukari iitwayo glibenklamidi, au insulini, usifunge kabla hujaongea na daktari wako apange upya dozi. Sukari ikishuka mchana ukiwa peke yako, unaweza kupoteza fahamu.

Vya kupunguza si vingi, lakini kimoja hakijulikani. Kwenye aiskrimu, michuzi ya chupa na keki za paketi kuna viungio vya kuchanganya mafuta na maji visitengane. Viwili kati yake, vinavyoandikwa E466 na E433, vilifanya ute wa panya kuwa mwembamba katika utafiti wa mwaka 2015. Sikuambii uvikimbie kama sumu. Geuza paketi, soma, na ukiona chakula chako cha kila siku kina orodha ndefu kuliko barua ya posa, badilisha chakula. Soda unajua mwenyewe.

Antibiotiki ni suala jingine. Tabia ya kwenda duka la dawa na kununua rundo la vidonge kwa mafua inaangamiza bakteria wengi wa utumbo kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiutibu hata kidogo, kwani mafua ni virusi. Ukiandikiwa na daktari kwa sababu ya kweli, tumia kama ulivyoelekezwa. Usiache dozi njiani kwa kuwaonea huruma bakteria wako.

Na kama tayari unatumia metformini, jambo hili litakufurahisha. Watu wenye kisukari wanaoitumia wameonekana kuwa na Akkermansia wengi kuliko wasioitumia, na kwa panya imethibitika kwamba dawa hiyo inawaongeza. Huenda sehemu ya kazi yake inafanyika utumboni. Basi usije ukaiacha dawa ya bei nafuu iliyojaribiwa kwa miongo mingi ukakimbilia kopo la bei ghali lenye jaribio la watu 32.

Tumefika kwenye kopo lenyewe. Umoja wa Ulaya uliruhusu bakteria waliopashwa moto kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2022, baada ya mamlaka yake ya usalama wa chakula kuridhika kwamba seli bilioni 34 kwa siku ni salama kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito na wanaonyonyesha. Angalia neno: salama. Ruhusa hiyo si cheti kwamba inatibu. Jaribio la China lililotoka 2025, kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito mkubwa, lilionyesha kwamba waliofaidika ni wale waliokuwa na Akkermansia wachache tangu mwanzo. Waliokuwa nao wengi hawakupata la kuonyesha. Ukiamua kununua, soma kama ni hai au waliopashwa moto, na idadi yao kwa kidonge. Walio hai ni viumbe wanaoichukia hewa, na sijui kwa nini mtu aamini kwamba wamefika wazima baada ya safari ya bodaboda juani. Uliza kama bidhaa imesajiliwa nchini kwako. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kinga dhaifu, na mwenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana wasiguse bila daktari. Na kuna hili: wagonjwa wa Parkinson katika tafiti nyingi wameonekana kuwa nao wengi kuliko watu wengine. Sababu haijawekwa wazi, lakini inatosha kukukumbusha kwamba wengi si lazima wawe bora.

Vipimo vya choo vinavyouzwa kwa posta viache. Vinakupa asilimia, na asilimia hupanda hata pale wengine wanapopungua. Tena, anayekawia kwenda chooni huwa na Akkermansia wengi kwa sababu tu choo kimekaa muda mrefu. Unaweza kushangilia namba nzuri kumbe umefunga choo.

Pima vinavyopimika. Zungusha futi ya fundi cherehani kiunoni, usawa wa juu kidogo ya nyonga, ukiwa umetoa pumzi: mwanaume kuanzia sentimita 94 na mwanamke kuanzia 80, ni wakati wa kuchukua hatua. Pima sukari asubuhi kabla hujala. Ikiwa 6.1 mmol/L au zaidi, rudi upimwe tena, na ikifika 7.0 muone daktari. Omba na kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kama kituo chako kinacho, pamoja na presha na mafuta kwenye damu. Andika namba zote na tarehe. Kisha badilisha kitu kimoja, dona au upawa wa kunde, ukishakizoea ongeza cha pili, na urudi kupima miezi mitatu baadaye, si kabla, kwa sababu kipimo hicho cha miezi mitatu hakiwezi kuonyesha mabadiliko ya wiki mbili.